Sahihi ya Bi Kifungu

Namba ya kumi na moja ndiyo iliyomfanya Bi Kifungu aweke kikombe chini. Orodha ilikuwa na namba ishirini za mafaili, zimepigwa chapa kwenye karatasi yenye nembo ya Mamlaka ya soko la hisa, na mkaguzi aliyeileta alikuwa amesimama upande wa pili wa meza akingoja, begi lake bado liko begani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani imemteremka puani, amevaa viatu vya chini vya mtu anayetembea sana kikazi.

"Ni mfano tu, mama," alisema. "Tunachagua bila kuangalia. Tukiridhika na haya ishirini, tunapendekeza leseni yenu ihuishwe na tunawaacha mfanye kazi."

"Nitakuandalia chumba cha mikutano," Bi Kifungu alijibu. "Nipe nusu saa."

Mkaguzi alipotoka, alisoma tena namba ile ya kumi na moja. Hakuhitaji kwenda kabatini kujua ni faili ya nani.

Ilikuwa kampuni ndogo ya udalali wa hisa, orofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mtu aliyetaka kununua au kuuza hisa hakuruhusiwa kwenda sokoni mwenyewe. Alipitia kwa dalali mwenye leseni. Naye dalali hakupewa leseni mpaka awe na msimamizi aliyesajiliwa na Mamlaka, mtu mmoja mwenye jina kwenye daftari, wa kutazama kila agizo la mteja na kuweka sahihi yake chini kwamba ameliona na ameridhika. Pasipo mtu huyo, kampuni haikuwa na ruhusa ya kuuza hata hisa moja. Kwenye kampuni hii mtu huyo alikuwa Bi Kifungu.

Hakuanzia hapo. Alianza miaka ishirini na sita nyuma, akipiga deki na kuchemsha chai. Kisha akawa tarishi, kisha akaingizwa masjala kwa sababu ndiye pekee aliyejua faili gani iko wapi. Alipofika miaka arobaini na minne aliomba kufanya mtihani wa Mamlaka, na ofisi nzima ikacheka kwa adabu. Akafeli. Akarudia, akafeli tena. Miaka yote mitatu mumewe, fundi viatu, alikaa naye jioni kibarazani, kitabu cha kanuni kimefunguliwa juu ya aproni yake yenye gundi, akimuuliza, "Kifungu cha saba?" naye mke akajibu; "Cha kumi na mbili?" akajibu tena. Mume hakuelewa hata kimoja, ila alijua akikosea, kwa sababu alifuata maneno kwa kidole. Mara ya tatu akafaulu. Cheti kilipofika, fundi alikitengenezea fremu kwa mikono yake, na ya mbao, siyo ya plastiki.

Jina la utani alipewa na vijana wa ofisini, kwa vile mtu akileta karatasi yenye dosari alikuwa hasemi "Hii haifai," bali "Kifungu cha ishirini na tatu, mdogo wangu." Walimtania, naye akafurahi. Msimamizi wa kabla yake alipohamia kampuni nyingine, Mkurugenzi alimwita, akamwambia kampuni haijawahi kuwa na mtu mwaminifu kama yeye, akampa chumba chenye mlango na kiti cha kuzunguka. Ilimchukua muda kutambua kwamba alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka. Wasajiliwa walikuwa wachache mjini na wote walijua bei yao. Yeye peke yake ndiye hakuijua.

Mwaka jana, dada yake aliugua mbali, naye akaomba ruhusa ya wiki mbili. Mkurugenzi hakukataa. Alikuja mwenyewe chumbani na bunda la fomu za kuuza, tupu, jeupe kabisa.

"Nisaidie, mama. Ukiondoka tunafunga milango, unajua kanuni kuliko mimi. Nitilie sahihi hizi chache tu. Zikibaki, utazichana mwenyewe ukirudi."

Basi lilikuwa linaondoka saa nne. Alisaini akiwa amesimama, mkoba begani, fomu thelathini na mbili. Aliporudi, dada amekwisha kuzikwa, aliambiwa zilizobaki zimechanwa. Hakuomba kuonyeshwa vipande.

*

Siku tisa kabla ya mkaguzi kuja, mkunga mstaafu alipanda ngazi zile za orofa tatu, akipumzika kila kona. Alikuwa na miaka sabini na minane. Kiharusi kilimpiga miaka mitano nyuma, mkono wa kulia ukabaki umening'inia kama wa kuazima, na tangu hapo hakuandika tena. Bi Kifungu mwenyewe ndiye aliyembadilishia kadi ya sahihi, akamshika dole gumba la kushoto na kulibonyeza kwenye wino.

"Gawio halijafika, mwanangu," mkunga alisema. "Mara moja nilinyamaza. Hii ya pili nimeona nije, maana dawa hazisubiri."

Bi Kifungu alimpa kiti, akaenda kuileta faili, akaifungua akiwa bado amesimama kabatini. Juu kabisa ilikuwa fomu ya kuuza, hisa zote, tarehe ya mwezi wa tatu. Kwenye nafasi ya mteja palikuwa na sahihi ya wino wa buluu, inayoteleza vizuri, yenye mkia mrefu wa mtu aliyezoea kalamu. Chini yake ilikuwa sahihi ya Bi Kifungu mwenyewe.

Akafunga faili, akajikaza, akarudi mezani na uso wa kazini.

"Bibi, nipe siku chache nifuatilie."

"Fuatilia, mwanangu. Wewe nakuamini," mkunga alisema, akaanza safari ya kushuka ngazi.

Jioni ileile alimfuata Mkurugenzi ofisini kwake. Huyu hakukana. Alikuwa na jina la wateja kama wale, wazee waliomiliki hisa miaka na miaka bila kuuliza: aliwaita waliolala.

"Yule ni mmoja wa waliolala," alisema.

"Ameamka," Bi Kifungu alimjibu.

Mkurugenzi alisugua macho. Hakuwa mtu wa kufoka. Ndiyo maana watu walimwamini. "Palitokea pengo, nikalifunika. Soko likipanda nanunua upya, narudisha kila kitu kabla mwaka haujaisha. Hakuna atakayejua, na hakuna atakayeumia. Nipe muda tu, mama."

Naye akampa. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko fomu zenyewe. Siku tisa nzima alikuja kazini, akasalimia watu, akazunguka kwenye kiti chake, akafumba macho.

*

Sasa alikuwa kabatini akiyatoa mafaili ishirini, na Mkurugenzi aliingia akafunga mlango nyuma yake.

"Nimeona orodha," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeongea na wakili. Tusiifiche, faili ikikosekana ndiyo itakayotafutwa zaidi. Ipeleke. Wakikuuliza, sema bibi alikuja mwenyewe, akasaini mbele yako. Siku hiyo mkono ulikuwa na nafuu."

"Mkono wake umekufa miaka mitano."

"Mzee wa karibu miaka themanini. Akisema hakuuza, tutasema amesahau. Wazee wanasahau, mama, siyo kosa la mtu."

Bi Kifungu aliyapanga mafaili mikononi, ya kumi na moja katikati, akapita pembeni yake, akayapeleka chumba cha mikutano. Mkaguzi aliyapokea, akayahesabu, akamwambia kesho saa tatu asubuhi angependa kuzungumza naye, yeye peke yake.

Nyumbani alimkuta mumewe kibarazani, kiatu cha mtu kimefungwa kwenye kalibu, misumari midogo imebanwa midomoni. Alimweleza yote bila kukaa. Mume alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Sema sahihi si yako," alisema mwishowe. "Wameighushi. Kama wameghushi ya bibi, watashindwaje yako? Nani atabisha?"

Hilo lilikuwa limeshampitia Bi Kifungu kichwani ndani ya basi, na lilikuwa tamu. Uongo huo usingemdhuru mtu asiyestahili. Mkurugenzi angetumbukia kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, mkunga angeaminiwa, na yeye angebaki na jina lake kwenye daftari. Aliugeuza kila upande akitafuta kasoro, asiione.

"Na zile nyingine je?" alisema. "Nilisaini thelathini na mbili. Nikiikana hii moja kuwa imeghushiwa, watatafuta za kughushiwa. Zile zangu halisi zitapita, kwa sababu ni zangu kweli. Wenye hizo faili watabaki wamelala."

Mume aliitazama misumari kiganjani. Kisha akasema, "Ukisema kweli wanakufuta."

"Wananifuta."

"Miaka mitatu nilikuuliza vile vifungu, mke wangu."

"Najua, baba watoto."

Mume alichukua kiatu, akakigeuza, akakirudisha chini. "Kile cha kumi na tisa. Kinasemaje?"

Alimjibu pale pale, akitazama barabarani. "Msimamizi hataidhinisha agizo lolote ambalo hajaliona limejazwa kikamilifu na mteja mwenyewe."

Safari hii hakukuwa na kitabu wala kidole cha kufuata maneno. Fundi alirudisha misumari midomoni na kuendelea kugonga, na hawakuongea tena habari ile mpaka chakula kikaisha.

*

Mkaguzi alikuwa amefungua faili tatu mezani, na chombo cha kurekodi katikati. Alimwamkia, akamuuliza kama angependa maji. Akamsogezea fomu.

"Sahihi hii ya chini ni yako, mama?"

Bi Kifungu aliitazama. Ilikuwa nzuri, ile aliyoifanyia mazoezi nyuma ya daftari la mwanawe wiki aliyofaulu mtihani, herufi ya kwanza kubwa, iliyosimama wima.

"Ni yangu."

"Mteja alisaini mbele yako?"

"Hapana. Hakuna aliyesaini mbele yangu. Niliitia sahihi ikiwa tupu."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. Alimtazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza alionekana mdogo, kama binti anayemwona mama yake akivua viatu kwenye matope.

"Mama, kabla hujaendelea. Unaelewa hicho unachokisema kina matokeo gani kwako? Una haki ya kuja na wakili."

"Kifungu cha arobaini na moja, aya ya pili," Bi Kifungu alisema. "Naelewa. Zilikuwa thelathini na mbili. Namba za kwanza na za mwisho za bunda ninazo, niliziandika kwenye shajara yangu siku ile, sijui kwa nini. Labda nilijua." Alifungua mkoba. "Na mwenye faili hii alikuja hapa siku kumi zilizopita. Nilimwambia nafuatilia. Nilikuwa nimeshaona."

Mazungumzo yalichukua saa mbili na nusu. Alipotoka, ofisi ilikuwa kimya, kila mtu amezama kwenye kioo cha kompyuta yake. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, na alipompita alimwambia jambo moja tu, taratibu, bila chuki.

"Nilikuokota na ndoo, mama."

Alishuka ngazi zote za orofa tatu, akapita mbele ya duka la vifaa vya umeme, akaenda kusubiri basi.

*

Mambo yalikwenda haraka kwa wengine na polepole kwake. Wiki hiyohiyo kampuni ilifungwa kwa muda, mlango ukabandikwa tangazo. Kati ya zile fomu thelathini na mbili, kumi na saba zilikutwa zimetumika. Mkurugenzi alichukuliwa kuhojiwa, akaachiwa kwa dhamana, na watu walisema kesi yake itakwenda miaka. Vijana wa ofisini walitawanyika kutafuta kazi. Mmoja wao, waliyekuwa wanataniana sana, alikutana naye sokoni akapinda njia.

Barua ya Bi Kifungu ilikuja baada ya wiki sita. Usajili wake umefutwa. Asingeweza kuomba tena kabla ya miaka kumi kupita, na kwa hesabu hiyo angekuwa na miaka sitini na minane. Ilikuwa barua fupi, imeandikwa vizuri, haina dosari hata moja. Aliitafuta kwa mazoea. Mkaguzi alikuwa amemwambia kwamba kusema kwake ukweli kutatajwa. Kulitajwa, mstari mmoja, karibu na mwisho.

Mumewe aliisoma kwa kidole. Alipofika chini alikwenda ukutani, akakishusha cheti, akakifuta vumbi, akasimama nacho asijue akiweke wapi. Mwishowe alikilaza juu ya kabati, uso chini.

Kwenye bahasha ileile palikuwa na tangazo kwa wateja. Ambao hisa zao ziliuzwa bila idhini yao walitakiwa kujaza fomu ya malalamiko iliyoambatanishwa na kuileta kabla ya mwisho wa mwezi, ndipo wafikiriwe kwenye mfuko wa fidia. Asiyeleta, haki yake ingekufa. Matangazo yalikuwa yamepelekwa kwa posta. Bi Kifungu aliikumbuka anwani ya mkunga ilivyokuwa kwenye faili: sanduku la kituo cha afya alichostaafu miaka ishirini iliyopita. Barua hiyo isingemfikia kamwe.

Hakutumwa na mtu. Alipiga moyo konde, akapanda basi alasiri moja, akauliza mpaka akafika.

Mkunga aliishi chumba cha mwisho kwenye nyumba ndefu ya vyumba sita. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mlangoni, mkono uliokufa ameupakata kama mtoto. Alipomwona alitabasamu.

"Umeniletea habari ya gawio?"

"Hapana, bibi. Nimekuletea habari mbaya, na mwenye kosa ni mimi."

Alimweleza pale pale, amechuchumaa, macho yao yakiwa sawa. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Alimwambia habari ya bunda, ya basi la saa nne, ya siku ile ya kabatini. Alipomaliza habari ya siku tisa, alimwambia na ya mfuko wa fidia na fomu ya malalamiko.

Mkunga alisikiliza mpaka mwisho. Tabasamu lilikuwa limeondoka zamani. Alitazama kiwanja cha mbele, ambako nguo za watu zilikuwa zinakauka.

"Mimi nilijaza kadi za watoto miaka thelathini na moja," alisema hatimaye. "Zamu nyingine tulikuwa wawili, wanawake tisa wameshikwa na uchungu kwa pamoja. Sikuwahi kuijaza hata moja kabla mtoto hajatoka."

"Ndiyo, bibi."

"Usiniambie ndiyo."

Mkunga aliutazama mkoba wa mgeni.

"Na hiyo fomu ya malalamiko unayo?"

Alikuwa nayo. Walihamia ndani, kwenye meza ndogo yenye kitambaa cha plastiki. Mkunga alitamka, Bi Kifungu akaandika, mstari kwa mstari, kwa mwandiko safi wa masjala. Jina la mlalamikaji. Makazi. Mwaka aliofungua akaunti. Kisha wakafika kwenye nafasi iliyoandikwa: Jina la mtu au kampuni unayoilalamikia.

"Andika kampuni," mkunga alisema. "Andika na yule bwana mkubwa." Alisubiri kalamu isimame. "Na wewe."

Bi Kifungu aliandika jina lake lote, majina matatu, kama lilivyokuwa kwenye daftari la Mamlaka.

"Nisomee."

Alisoma tangu juu. Jina lake nalo alilisoma. Mkunga alimsahihisha mahali pamoja, mwaka wa kustaafu, naye akafuta na kuandika upya, akaweka alama pembeni kama kanuni inavyotaka. Akaanza kupekua mkoba, atoe pedi ya wino.

Ndipo mtoto mchanga akalia chumba cha pili. Ukuta ulikuwa mwembamba, kilio kikaingia kizima, kikali, cha kukatakata. Mkunga aliinua kichwa. Uso wake, uliokuwa umefungwa tangu mlangoni, ulibadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini. Aliinua mkono mzima kumzuia mwenzake asiseme neno.

Bi Kifungu alibaki na mkono ndani ya mkoba. Walisikiliza wote wawili. Kilio kilipanda, kikakatika, kikaanza tena, na nyuma yake hatua za miguu mitupu za mwanamke zikavuka sakafu kumwendea.

"Bado," mkunga alinong'ona, sikio ameliegemeza ukutani. "Subiri atulie, ndipo nitie dole."